Saa ya Kumi na Tatu

Kazi yangu ni kufukuza ndege
ili ndege itue.
Huyu aondoke, hii ije.
Nina honi, nina fataki, nina buti za mpira,
na kila alfajiri, kabla ya ndege ya kwanza ya Dar,
natembea lami yote ya uwanja wa Mwanza
nikiwahamisha korongo waliosimama kimya
kama wajumbe waliowahi mkutanoni.

Kwa hiyo mama anaamini nazijua habari za anga.
Juzi, akichambua dagaa kwenye ungo,
aliniuliza bila kuinua macho:
"Huko aliko Limi ni mbali kiasi gani?"

Nikachukua simu. Nikaandika Mwanza, nikaandika Halifaksi.
Mstari mwekundu ukachomoza Ilemela,
ukaruka ziwa letu kwa upana wa ukucha,
ukapanda Kongo, ukakata jangwa,
kisha bluu, bluu, bluu.
"Kilomita elfu kumi na mia saba," nikasoma.
"Ingekuwepo ndege ya moja kwa moja, masaa kumi na tatu na kitu."

(Mwalimu Bwire angenichapa kwa hilo "masaa".
Lakini saa hutazamwa, mwalimu.
Masaa hukaliwa.)

Mama akacheka. "Saa ya kumi na tatu haipo.
Zikifika kumi na mbili jua linazama,
tunaanza moja."

Nikajaribu kwa vipimo vyake.
Yeye ni wa Ukerewe. Nansio hadi hapa ni meli,
saa tatu na nusu, ukibahatika upande usio na moshi.
"Panda hiyo mara nne, usishuke."
"Na nahodha atakula saa ngapi?"
Basi kivuko cha Kamanga, mara ishirini na sita.
Akahesabu kwa vidole vyenye magamba,
akafika kumi na moja, akaacha.
"Busisi tulilala foleni tukingoja pantoni," akasema.
"Leo unapita darajani, chai haijapoa.
Huko nako si watajenga?"

Limi alikuwa kiwandani hapa, meza ya nne,
akichuna sangara. Minofu ilipanda ndege,
yeye akarudi Pasiansi kwa miguu.
Sasa yuko kiwanda kingine, kando ya maji mengine,
anavunja kambakoche kwa zamu.
Kilomita zote hizo, aproni ileile.
Mama anajua yuko ofisini.
Tukimpigia, kwetu saa mbili usiku,
kwake saa saba mchana, anapokea amesimama,
na nyuma yake maji yanamwagika, yanamwagika.
"Huko mvua haikatiki," mama hunong'ona,
akifunika simu kwa kiganja asisikike.

Ungo ulipobaki mtupu, akauliza tena:
"Hizo elfu kumi, ni za kwenda tu
au na za kurudi?"
Nikatazama simu, kana kwamba ilikuwa imeandika.
"Za kwenda."
Akakung'uta ungo. Kuku wakaja.

Usiku nilimkuta kwa jirani, kwa Nyamwocha,
na mizani ya kuning'iniza.
Mfuko wa dagaa, umeshonwa mdomo kwa uzi wa nyavu.
Kilo ishirini na tatu kamili,
kama nilivyomwambia mwaka ule
ndicho kiasi wanachokubali.
Hakuna anayesafiri.
Nyamwocha alinikonyeza nisiulize, nikashika upande mmoja
tukaubeba nyumbani.

Leo, saa kumi na mbili kasorobo, nilikuwa uwanjani.
Ukungu umekalia ziwa, mawe ya Kapripointi hayaonekani,
ndege ya Dar imechelewa kuondoka.
Juu ya mstari mweupe, katikati kabisa,
alisimama korongo mmoja, shingo ndani ya mabega,
uso umeelekea kulekule ulikopita ule mstari mwekundu.
Honi ilikuwa mkononi.
Mnara wakaniita redioni: kuna kitu njiani?
Nikajibu: bado natazama.